Utani Uliosomwa Mara Mbili

Mitwero, Lindi
3 Machi 2025

Kwako Majid, mbishi wa milimani,

Ukiipata barua hii ujue bado ninapumua, na najua habari hiyo itakuharibia futari. Pole na mfungo. Lusia anakusalimu, anasema ukija safari hii usije na tumbo tupu kama mwaka jana, ulitumalizia unga wa wiki nzima.

Watu hapa wanashangaa kwamba wazee wawili wenye simu bado tunapelekeana karatasi kwa dereva wa basi. Nawaambia utani wa simu ni upepo. Utani wa karatasi unasomwa mbele ya mashahidi. Tangu tulipoacha kukokota mnyororo wa wapima ardhi, wewe mbele mimi nyuma, ni miaka thelathini na moja, na barua zako zote nimezisoma kwa sauti hapa nje kwangu jioni, majirani wakiwa wamekaa. Sijaficha hata moja. Ujinga wako wanaujua kuliko wanavyomjua diwani wao.

Sasa sikia. Kichwa kinaniuma tangu Krismasi. Mwezi uliopita nilimwambia Lusia aniletee kijiko nikakate kuni, naye akaniletea kijiko, akasimama akinitazama. Neno panga lilikuwa limeniponyoka. Wiki iliyofuata nikaanguka shambani. Dativa, binti yangu huyu anayeendesha mashine za hospitali Dar es Salaam, akaja kunichukua kama mzigo wa korosho.

Wakanilaza ndani ya bomba. Mashine inapiga kelele kama Wamatumbi kumi wanaogombea ukoko wa pilau msibani. Nikadhani imekwisha, kumbe kuna raundi ya pili. Dativa akasema ya kwanza imepiga picha ya ubongo. Hii ya pili haitazami umbo, inapima kemikali zilizomo ndani ya nyama ya ubongo, kipande kwa kipande, halafu inachora ramani. Nikamwambia aniandikie kwenye karatasi kwamba ubongo umeonekana, maana kuna Mmatumbi mmoja habari hiyo ameikataa miaka yote.

Daktari anasema ni uvimbe, nirudi upesi wanipasue. Nimemwambia sawa. Lakini uvimbe niliwahi kuwa nao mguuni ukanywea kwa maji ya chumvi, na ufuta wangu ndio kwanza unainuka. Nitakwenda Juni nikishavuna.

Mtani wako, mrithi wa kofia yako,
Severini


Dar es Salaam
14 Machi 2025

Shikamoo baba Majid,

Ni mimi Dativa wa Severini. Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu ninachotaka kukuomba sitaweza kukisema bila kulia, na wewe utakuwa hapo na watu.

Baba anadhani ana jipu. Ana saratani ya ubongo, upande wa kushoto. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kompyuta siku ile, mimi ndiye niliyemwambia kwenye kipaza sauti asitikisike. Picha ya kwanza ilionyesha uvimbe wa ukubwa wa korosho moja, wenye ukingo unaoonekana. Kama ingeishia hapo tungefurahi. Lakini hospitali yetu ina mradi wa hiki kipimo cha pili, na daktari akataka baba apimwe.

Nieleze kwa namna mliyonilea nayo. Baba alinifundisha kwamba bikoni za viwanja ni za watu, magugu hayajui mpaka. Ukiona ndago shambani unaona majani tu, lakini chini ya udongo vitunguu vyake vimeshatembea hatua tatu. Picha ya kawaida inaona majani. Kipimo hiki kinatafuta vitunguu. Kuna kemikali inayokaa kwenye seli nzima za ubongo, ambayo hupungua seli hizo zinapokufa, na kuna nyingine ambayo huzidi mahali seli zinapozaana ovyo. Mashine inalinganisha hizo mbili kila mahali, halafu inapaka rangi. Nilipoifungua ramani ya baba, wekundu haukuishia kwenye ukingo. Umetoka nje kama kidole, unaelekea sehemu inayotengeneza maneno. Haujafika. Umebakiza kama sentimita moja.

Daktari mpasuaji anasema akiifuata ramani hiyo sasa, atauondoa pamoja na kile kidole, na baba atabaki na maneno yake. Hatamponya moja kwa moja, hilo hakunificha. Atampa mwaka, labda miwili au zaidi, ya kusema na kutembea. Wekundu ukishaingia kwenye maneno, kisu hakiwezi kupita hapo. Juni ni mbali mno. Amenishikia nafasi wiki ya kabla ya Pasaka.

Nimejaribu kumwambia mara tatu. Nikianza ananiuliza kama nimekula. Mama anajua yote ila hawezi, na mimi ni mtoto, sina mdomo wa kumwambia baba yangu kwamba atakufa. Nikakukumbuka wewe. Mtani ndiye peke yake anayeruhusiwa kusema lisilosemeka. Tafadhali mwambie.

Mwanao,
Dativa


Pande, Kilwa
21 Machi 2025

Kwa mla panya Severini, salamu za mwenye njaa ya mfungo kwa mwenye njaa ya siku zote.

Habari za kichwa chako zimenifikia kutoka kwa wakubwa. Mashine ilitafuta ubongo wa Mmakonde ikaukosa, ndiyo maana wakaongeza raundi ya pili. Na katika raundi ya pili unajua wamekuta nini? Ndago. Shamba lako la ufuta umelipalilia, la juu ya shingo umeliacha pori. Na ndago zenyewe si jani moja, zimepita chini kwa chini zinaelekea yanapokaa maneno yako. Ndiyo sababu panga limekuwa kijiko. Kesho Lusia atakuwa kuku na mimi nitakuwa bwana mkubwa wako, hapo ndipo utakuwa umepona.

Usipokwenda kung'olewa kabla ya Pasaka utabaki bubu, halafu utakufa. Nakuambia mapema ili nijiandae, maana kaburi lako nitalilalia mimi mpaka Lusia anipe jogoo, na nitasoma makosa yako yote mbele ya padri, kuanzia ile bikoni uliyoizika kwenye shimo la choo. Ufuta wa mwaka huu utafungwa magunia wewe ukiwa chini.

Nenda ukapasuliwe, mpumbavu wewe. Usingoje Juni.

Mwenye kukuzika,
Majid


Mitwero
30 Machi 2025

Kwako Majid, mganga wa ndago,

Barua hii umeshinda. Nakubali mbele ya mashahidi. Hata ile ya mwaka uliodai nimemwoa mbuzi haikufika hapa.

Niliisoma nje siku ya Jumapili. Nilipofika kwenye ndago Mzee Klementi alicheka mpaka akaomba maji. Watoto wa jirani sasa wananipungia mkono wakiuliza kama nimepalilia kichwa. Wamenitaka niirudie mara mbili, na kila mahali ulimi uliponikwama walidhani nafanya makusudi, wakazidi kucheka. Lusia peke yake hakukaa mpaka mwisho. Alikwenda kutazama chungu chake.

Nimekuelewa neno kwa neno. Kaburi ulilalie, nimekuruhusu, ila uje na mkeka wako maana wangu utauiba. Habari ya kabla ya Pasaka ondoa, ufuta haujui Pasaka. Mtu na afe, lakini avune kwanza. Jogoo nimeshamwonyesha Lusia yule atakayekupa, ana jicho moja kama wewe ulivyo na akili moja.

Idi njema kwako na kwa Mwanaima, mwambie pole kwa mume aliyepewa.

Maiti wako,
Severini


Pande
6 Aprili 2025

Mwanangu Dativa, marahaba.

Nimemwambia. Nilimwambia kwa lugha yetu, lakini nilisema yote: ndago, maneno, Pasaka, kifo. Amejibu. Nakunakilia maneno yake: "Nimekuelewa neno kwa neno." Na tena: "Mtu na afe, lakini avune kwanza."

Baba yako ni mwanaume, Dativa. Nilidhani atatetemeka, naye amenichagulia na jogoo wa msibani. Ameamua kukaa na shamba lake. Mimi sina moyo kama huo. Tangu niisome, Mwanaima ananiuliza nina nini.

Naona tumheshimu.

Baba yako mwingine,
Majid


Dar es Salaam
15 Aprili 2025

Baba Majid, shikamoo.

Niliposoma barua yako nilitaka kupanda basi siku ile ile. Badala yake nikampigia. Nikamwuliza, baba, barua ya Mzee Majid umeipata? Akasema, "Nimeipata, mwanangu, na nimeielewa yote." Sauti yake ilikuwa na furaha. Nikashindwa kuendelea.

Kwa hiyo ndivyo alivyotaka. Nimekwenda kwa daktari nikamwambia baba amekataa, ile nafasi wampe mgonjwa mwingine. Wamempa mama mmoja wa Songo Songo. Nimemwandaa mwenyewe kwa kipimo.

Ramani ya baba bado ninayo kwenye kompyuta. Kila asubuhi najiambia sitaifungua.

Asante kwa kubeba mzigo usio wako.

Dativa


Mitwero
18 Mei 2025

Shemeji Majid,

Mimi si mwandishi, utanisamehe.

Jana Severini ameanguka katikati ya ufuta, akatetemeka mwili mzima, povu likamtoka. Tumempeleka hospitali ya Lindi, amepata fahamu. Mkono wa kulia umelegea. Maneno yanatoka machache, mengine siyo.

Lakini sijaandika kwa ajili hiyo. Juzi, siku moja kabla hajaanguka, aliniambia hivi: "Huyu Majid amenyamaza sana. Atatunga lini utani mwingine kama ule wa kichwa changu?" Nikamwuliza utani gani. Akasema ule wa ndago. Nikamwuliza, kwani wewe unaona ulikuwa utani? Akanicheka.

Shemeji, hajui. Hakujua hata siku moja. Dativa aliniambia mimi habari yote mwezi wa tatu, akanisihi nimwachie mtani ndiye aseme. Siku alipoisoma barua yako mbele za watu akicheka, mimi nilidhani anawafichia majirani uchungu wake. Nikasema nisimwaibishe kwa kumwuliza. Tumelala kitanda kimoja miezi miwili, kila mmoja kwa mawazo yake, kumbe mwenzangu alikuwa anawaza ufuta.

Mwambie sawasawa. Au nitamwambia mimi, lakini mimi atasema nimeingiwa na woga wa wanawake. Wewe anakuamini.

Lusia


Pande
20 Mei 2025

Severini ndugu yangu,

Barua hii usiitoe nje. Lusia akusomee ndani.

Humu hamna utani. Sijawahi kukuandikia hivi na sijui vizuri inavyoandikwa, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Barua yangu ya mwezi wa tatu ilikuwa kweli. Uvimbe ulio kichwani mwako ni saratani. Ile raundi ya pili ya mashine ilionyesha imetoka nje ya mpaka wake na inaelekea kwenye maneno yako. Dativa alishikiwa nafasi upasuliwe kabla ya Pasaka. Aliniomba nikuambie, kwa kuwa mtoto hawezi na mtani anaweza.

Nikakaa na kalamu siku mbili. Kila nilipoandika sentensi nyoofu mkono ulikataa. Nikaona niiweke katika utani, nikidhani utaivua mwenyewe ukute kilichomo. Sikufikiri kwamba mtu mwenye ruhusa ya kusema lolote haaminiwi kwa lolote. Nimekuua mara ngapi kwa barua, Severini? Kila mwaka. Ulikuwa na haki ya kucheka.

Na ulipocheka, nikasema huyu ni jasiri, ameshaamua. Niliamini haraka kwa sababu kuamini hivyo kulinipumzisha. Hilo ndilo kosa langu kubwa, kuliko lile la kwanza.

Panda basi la kesho uende kwa Dativa. Ufuta usiufikirie. Mimi na wanangu tunakuja kuukata, tutaufunga na kuusimamisha mpaka ukauke.

Nisamehe.

Majid


Dar es Salaam
9 Juni 2025

Mzee Majid,

Tumempima tena wiki iliyopita, vipimo vyote viwili. Nilimwomba mwenzangu Optatus akae kwenye mashine, mimi nikashika miguu ya baba kwa nje, maana huwa inapata baridi. Hakutania chochote kuhusu kelele.

Kidole hakipo tena. Sehemu yote ya maneno ni nyekundu. Daktari mpasuaji aliitazama ramani muda mrefu, akaweka ile ya Machi kando yake, kisha akaizima skrini. Amesema watampa mionzi na dawa za kutuliza, basi. Yule mama wa Songo Songo aliyepewa nafasi ya baba amekuja kliniki jana, anatembea, amenisalimia kwa jina.

Nimejaribu kuandika kwamba sikulaumu. Nimeifuta mara mbili. Nakulaumu, mzee wangu. Najilaumu na mimi, maana nilikuwa na simu mkononi na maneno mawili tu ya kuuliza, nikaogopa. Najua ulikuwa unampenda. Sote tulimpenda, ndipo tukanyamaza.

Anarudi nyumbani mwisho wa wiki. Mama anasema ufuta umesimama vizuri. Asante kwa hilo.

Dativa


Dar es Salaam
26 Agosti 2025

Mzee Majid,

Nimesubiri siku tisa ili hasira ipungue, haikupungua, kwa hiyo naandika nayo.

Juu ya kaburi la baba yangu, padri hajamaliza kufunga vitabu vyake, wewe ulilala kwenye udongo ukadai jogoo. Hilo nalijua, ni mila, nilikuwa nimejiandaa. Lakini kisha ukatoa karatasi mfukoni, ukasoma ile barua. Ile ya ndago. Neno kwa neno, mpaka "halafu utakufa." Na watu wakacheka. Mzee Klementi alicheka. Mama yangu alicheka huku akijifuta macho kwa kanga.

Barua ile ndiyo iliyomuua baba. Ulikuwa na barua za miaka thelathini na moja za kuchagua. Sikuweza kukuaga, niliondoka kwa njia ya nyuma. Nieleze ulifikiri nini, kisha sitakuuliza tena.

Dativa


Pande
2 Septemba 2025

Mwanangu Dativa,

Una haki ya hasira yako, wala sikuandikii kuipunguza.

Barua ile niliikuta nyumbani kwenu. Baba yako alikuwa ameitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake, peke yake. Ile ya pili, isiyo na utani, mama yako alinirudishia imekunjwa ndogo sana.

Ulipokuwa Dar es Salaam, mimi nilikaa Mitwero mpaka ufuta ukaisha. Nilitabiri utafungwa magunia yeye akiwa chini, nikakosea hata hapo. Alikuwa amekaa kwenye kiti ananitazama nikishona midomo ya magunia. Alikuwa hasemi. Wiki nzima nilikaa naye bila kumtania, kwa kuwa niliapa sitatania tena maisha yangu. Nilimlisha uji, nikamwita ndugu yangu, nikamsalimia kwa adabu. Kila nikifanya hivyo aligeuza uso ukutani. Nilidhani hajanisamehe.

Siku ninaondoka alinipa kikaratasi. Alikiandika kwa mkono wa kushoto, mama yako anasema kilimchukua siku tatu. Sikutaka kukuonyesha, kwa sababu nilipenda kiwe changu. Sasa nakuletea. Ukishakisoma, tafadhali kirudishe kwa dereva wa basi.

Pale kaburini watu walisikia utani. Mimi nilikuwa namsomea yeye.

Majid


29 Juni

Majid

Mkono wa kushoto. Maneno yamebaki machache. Nakupa wewe.

Barua ya pili nimeielewa. Sikuipenda. Na wewe sasa una adabu, kama mgeni. Sitaki kuzikwa na mgeni.

Siku yangu njoo na ile ya ndago. Soma kwa sauti. Wacheke.

Safari hii nitaielewa.

Severini